Tulivyojiandaa Kumfuata Nyemo Milimani

Ninyi mlio nyumbani mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje mimi, mwanamke wa nchi tambarare, nikaenda kupanda milima ya Kibakwe nikiwa na akili zangu timamu. Sababu ilikuwa macho ya mama yangu.

Mwaka ule, siku zile za Mdachi, mama alianza kumimina uji nje ya bakuli. Mwanzoni tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Baadaye tukaona kwamba mboni zake zimeingiwa na weupe kama ukungu. Mganga wa misheni pale Mvumi akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama kwa muda, akatuambia kuwa jicho la kushoto limekwisha na la kulia litafuata, huenda kabla ya mvua. Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akapepeta uwele wake mpaka ukaisha, ndipo akaniita.

"Ester, ninyi wa hapa nimewaona vya kutosha. Nyemo sijamwona tangu alipoolewa. Nileteeni Nyemo."

Nyemo ni dada yangu mkubwa. Katika mwaka wa njaa baba alimwoza kwa Kihwele, mtu wa milima iliyo juu ya Kibakwe, kwa sababu kule chakula kilikuwapo. Kihwele akampandisha huko, na hawakushuka tena. Wachuuzi wa tumbaku walituletea salamu zao, kila mara zile zile: wazima, wana watoto, wanawasalimu. Wadogo zetu wa kiume walikuwa wamekwenda kufanya kazi ya reli. Nikamwambia mume wangu Yona kwamba nitakwenda mimi.

"Wewe?" akasema. "Ukipanda juu ya paa la tembe kuanika mtama unapumua kama ng'ombe mwenye mimba!"

Lakini Yona ni mtu mwema. Jioni ile ile alimwita mdogo wake, Ndahani, anisindikize. Ndahani alikuwa amepata kuwa mpagazi katika misafara ya Wadachi, na hapakuwa na mlima duniani ambao hakuwa amekwisha kuupanda, kwa maneno yake. Tukakubaliana kuondoka baada ya mavuno, wakati vihenge vimejaa, njia zimekauka na vijito vya milimani bado vina maji. Ukingoja zaidi ya hapo, maji yanakwisha. Na jicho la mama nalo lisingengoja.

Asubuhi ya kwanza ya maandalizi nilifunga unga wa uwele katika kikapu, nikajitwika, nikapanda kile kilima cha mawe kilicho nyuma ya kwetu. Nilifika nusu. Kesho yake nikafika nusu tena, ila sikukaa chini. Majirani walikuwa wakitoka na vigoda vyao kunitazama. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa sauti kubwa kama nimepoteza mbuzi huko juu. Nikamjibu kwamba natafuta pumzi. Niliendelea kupanda kila asubuhi, na ilipofika siku niliyosimama kileleni nikaliona tembe letu dogo kule chini, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunitazama. Walikuwa wamekwisha kunichoka.

Ipagala ndiko nilikokwenda kutafuta blanketi. Huko aliishi Bi Halima, Mrangi wa Kondoa, mke wa mchuuzi, ambaye kila mwaka nilimpelekea mlenda mkavu. Yeye amezaliwa milimani, na nilijua kwamba asingenicheka. Nilijidanganya.

"Shikamoo, Bi Halima."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda kupanda milima. Utavaa nini?"

"Hii hii kaniki, na nyingine ya kujifunika."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaingia ndani, akatoka na mablanketi mawili mazito yenye mstari mwekundu.

"Baridi ya hapa kwenu inakupiga halafu inakwenda zake," alisema. "Ya kule inaingia ndani ya nguo ikakaa kama mgeni asiyeaga. Chukua haya. Yakirudi, yarudi, yasiporudi, nitakula mlenda wako mpaka nife. Na mzigo unaubebaje?"

"Kichwani."

"Kule njia inasimama mbele ya uso wako. Ukiinua kichwa uitazame, mzigo unakurudisha Mvumi."

Neno hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nilimkuta jirani akimfunga mtoto wake mgongoni kwa ngozi laini ya mbuzi, mbeleko ile ile tuliyobebewa sisi sote, na nikasimama nikimtazama jinsi alivyoinama, akamtupia mgongoni, akakaza fundo chini ya ziwa. Nikaingia ndani, nikatoa mbeleko yangu ya zamani, nikafunga unga, mlenda, karanga na chumvi katika blanketi, nikajibebesha. Nilikimbia kuzunguka zizi. Mikono yote miwili ilikuwa huru!

Siku ya kufunga mizigo Ndahani alileta ya kwake. Palikuwa na birika, vibuyu viwili vya maji, kamba ndefu ya ngozi ya ng'ombe, shoka, jozi mbili za viatu vya ngozi, na kigoda cha mninga kizito kama jiwe la kusagia.

"Shemeji, kigoda cha nini?"

"Bwana mkubwa wetu alipanda milima na kiti, meza na sanduku la chupa."

"Na nani alivibeba?"

"Sisi."

"Leo hakuna sisi, shemeji. Yuko Ndahani peke yake."

Alijitwika vyote kwa hasira, akaenda mpaka kisimani ili anionyeshe. Aliporudi aliweka kigoda ndani, na birika likakifuata. Nilitaka na kamba ibaki, maana ilikuwa nzito, lakini hapo alikataa katakata. "Mlimani bila kamba siendi," alisema, na kwa kuwa nilikuwa nimeshinda mara mbili, nikamwachia. Viatu navyo tulivivaa kabla, tukatembea navyo shambani hadi malengelenge yakatoka, yakapasuka, na ngozi ya miguu ikakomaa.

Tulipotoka Mvumi kulikuwa kumepambazuka, na upepo wa kipupwe ulikuwa unakata masikio. Mama alinishika mkono akanipa kibuyu kidogo cha samli. "Cha Nyemo," alisema. "Usikipikie njiani." Yona alitusindikiza hadi mwisho wa mashamba, akijifanya anatafuta ndama.

Katika mbuga tulitembea vizuri. Ardhi ilikuwa nyekundu, mabua ya mtama yamelala, na kila tuliyekutana naye alitusalimu, "Mbukwenyi!", kisha macho yake yakaenda mgongoni mwangu. Wanawake waliochota maji walitaka kumwona mtoto. Nilipofunua wakaona mfuko wa unga, mmoja akauliza kwa upole, "Amefanana na nani?" Ndahani akajibu, "Baba yake." Tangu hapo mzigo wangu ukawa na jina, tukauita Uwele, na kila tulipopumzika Ndahani aliuliza kama Uwele amelala.

Kibakwe tulipoingia, milima ilikuwa imekwisha kututangulia. Nilikuwa nimeiona kwa mbali kama moshi wa buluu. Sasa ilisimama juu ya mashamba, ya kijani na mikali, na vilele vyake vimeingia mawinguni. Tulipokewa na mfuga nyuki mmoja, Baba Elina, pamoja na mkewe. Walitupa ugali wa mahindi na asali, tukawapa chumvi, wakafurahi sana.

"Mnakwenda kwa nani huko juu?" Baba Elina aliuliza.

"Kwa Kihwele," nikasema.

Alimtazama mkewe kabla ya kunijibu. "Kihwele yupo. Lakini jina lake msilitaje njiani. Aliwahi kukamatwa abebe mizigo ya Wadachi, akautua mzigo porini akakimbia. Boma la Mpwapwa halijamsahau. Ndiyo maana hashuki."

"Na mkewe, mbona naye hashuki?"

"Hilo mtaliona wenyewe," alisema Mama Elina, akaniongezea ugali.

Ndahani aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, kwa njaa na kwa malengelenge. Kwa maneno kama hayo sikuwa na kitu mgongoni.

Alfajiri tulianza kupanda, na baada ya mashamba ya mwisho njia iliinuka kama Bi Halima alivyosema, ikasimama mbele ya uso. Tulishika mizizi na majani. Msitu ulikuwa umelowa ingawa hakukuwa na mvua, na miti ilikuwa na ndevu za kijani. Miguu yangu, Mungu ashukuriwe, ilikikumbuka kilima cha Mvumi. Nilipanda polepole bila kusimama. Ndahani alikuwa mbele, akinisimulia msafara fulani na mlima fulani, mpaka tulipofika mahali ambapo wenyeji wanapaita Ngazi.

Hapo msitu unakwisha ghafla. Mkono wa kulia kuna mwamba. Wa kushoto hakuna kitu, ila vichwa vya miti kule chini, na ukungu unapita kati yake. Njia yenyewe ina upana wa ngozi ya mbuzi. Ndahani alinyamaza, akakaa chini, akafumba macho.

"Shemeji, umechoka?"

"Ninafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Katika misafara tulipita mabondeni," alisema, akiwa bado amefumba. "Mlima tuliupanda mmoja tu. Na siku hiyo nilikuwa na homa, nikabaki kambini."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye akaanza kucheka huku ameushika mwamba kwa mikono miwili. Tukafunga ncha moja ya kamba yake kiunoni mwake na nyingine kiunoni mwangu. Nikatangulia, nikimwambia wapi pa kuweka mguu, naye akifuata uso ukiwa kwenye jiwe kama anayemnong'oneza mtu. Tulipovuka alisema, "Umeona faida ya kamba?" Nikamwambia nimeiona.

Kijijini kwa Nyemo tulifika jua likiwa limeinama. Nyumba zilikuwa za msonge, paa za nyasi zimefika karibu na ardhi, na moshi ukipenya juu. "Kamwene!" watoto walitusalimu. Mmoja alikuwa na paji la uso la baba yangu, nikajua tumefika. Nyemo alikuwa amekaa mlangoni akimenya maharage. Alinitazama, akaangusha ungo.

"Ester?"

Sikumwona akisimama. Alinyoosha mikono tu, nami nikapiga magoti nikaingia ndani yake, na Uwele bado mgongoni. Ni baadaye, aliposhika fimbo mbili kuingia ndani, ndipo nilipouona mguu wake. Alikuwa ameanguka pale Ngazi akiwa na kuni, zamani, na goti lilipona likiwa limepinda. Wachuuzi aliwakataza kutuambia.

"Mama angelia kila siku," alisema. "Bora ajue mimi ni mzima."

Nikampa samli, nikamweleza habari za macho. Alikishika kile kibuyu mapajani, akanusa kifuniko chake, akanusa tena. Ndipo Kihwele akaingia kutoka shambani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kusalimia kwa kuinamisha kichwa. Alisikiliza yote. Ndahani akakohoa.

"Machela," alisema. "Nguzo moja ndefu, blanketi zito, kamba. Mabwana waliokuwa wagonjwa tuliwabeba hivyo. Hilo nalijua kweli, shemeji, usinitazame hivyo."

"Lakini inataka watu wawili wenye mabega," nikasema, na sote tukamtazama Kihwele, kisha tukaona aibu, tukatazama moto.

"Yeye hawezi," Nyemo alisema upesi. "Wakimkamata watampiga viboko na kumfunga mnyororo. Nitabaki. Mwambieni mama mmeniona."

Kihwele aliendelea kukaa. Kulikuwa na maharage jikoni yakichemka, nami nakumbuka nilihesabia pumzi zangu kwa mchemko ule. Hatimaye alinyanyuka, akachukua shoka la Ndahani, akalipima makali kwa kidole.

"Nilikimbia kumbeba Mdachi," alisema. "Huyu ni mke wangu. Nguzo nitaikata kesho."

Siku iliyofuata maandalizi yalianza upya, na safari hii yalikuwa ya kuacha vitu. Tuliwaachia watoto na bibi yao, mama yake Kihwele, unga, chumvi na karanga, tukabaki na chakula kidogo. Mablanketi yote mawili ya Bi Halima yakawa kitanda. Ndahani alifunga kamba, akafungua, akafunga tena, akajilaza mwenyewe ndani na kumwamuru Kihwele amtikise. Kwa mara ya kwanza tangu Mvumi sikumsikia akijisifu.

Pale Ngazi tulimtoa Nyemo ndani ya machela, kwa kuwa haikupita. Kihwele alimfunga mgongoni kwa mbeleko yangu na kamba, mtu mzima, kama mtoto. Mimi nilitangulia. Nyuma ya Kihwele alikuja Ndahani na nguzo, macho wazi kabisa, akiwaambia jiwe lipi linacheza. Nyemo alikuwa ameuficha uso shingoni mwa mumewe. Katikati Kihwele alisimama, mguu unatetemeka.

"Nitue," Nyemo alisema.

"Wapi?" akamjibu.

Na Nyemo, juu ya shimo lile, akaanza kucheka. Kicheko chake kilimwambukiza Kihwele, nami nikawakemea wote wawili waache, wataanguka, huku mwenyewe meno yananigongana. Walivuka. Upande wa pili Kihwele alilala chali kwenye nyasi muda mrefu, na Ndahani akamkanda miguu.

Katika mbuga, kwenye kisima chetu cha mwisho kabla ya kufika nyumbani, alikuwapo askari wa boma, amekaa kivulini amevua viatu. Hapakuwa na njia nyingine. Kihwele alikuwa kwenye nguzo ya mbele. Niliona mgongo wake ukilowa.

"Simameni! Mnabeba nini?"

"Mgonjwa, bwana," nikasema.

"Ugonjwa gani?"

Sikuwa nimepanga jibu. Nikasema, "Hatujui, bwana. Ulianza na kuvimba. Jana aliyekuwa akimbeba naye ameanza kujikuna." Ndahani, pale pale, akaanza kujikuna shingo. Na kutoka ndani ya blanketi Nyemo akatoa mlio ambao sijapata kuusikia kwa kiumbe chochote, mrefu, unaopanda na kushuka.

Askari aliokota viatu vyake. "Piteni upepo unakokwenda!" alisema. "Na msiguse maji hayo!" Tukapita na kiu yetu. Tulikuwa tumefika mbali kabla mmoja wetu hajathubutu kucheka, na aliyecheka kwanza alikuwa Kihwele.

Mvumi tulifika asubuhi, jua likiwa zuri. Mama alikuwa nje ya tembe. Tuliitua machela mbele yake, Nyemo akajivuta, akakaa miguuni pake. Mama alimshika mashavu, akamgeuzia uso kwenye jua, kushoto, kulia, akausogeza karibu na jicho lake zima mpaka pua zikagusana. Alitazama hivyo mpaka kuku wakaanza kutupitia katikati.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Jino limekwenda wapi?"

"Nililivunja kwa mhogo."

"Mzembe," mama akasema, na ndipo alipolia.

Kihwele hakukaa. Alikula, akalala mchana mzima katika chumba cha ng'ombe, na giza lilipoingia Yona alimpitisha vichakani. Kihwele alirudi kumchukua Nyemo kabla ya mvua, na safari ile Ndahani alikwenda nao hadi kileleni, akiwa na kamba yake. Mablanketi hayakurudi Ipagala, na Bi Halima anaendelea kula mlenda.

Watu wanaotaka kwenda milimani huja kuniuliza wafunge nini. Nawaambia wakomaze miguu mapema, wabebe mgongoni, waogope baridi, na wakubaliane na mtu anayeng'ang'ania kamba. Nawaambia pia wajiandae zaidi kwa kushuka, maana huko juu utakuta jambo ambalo hakuna aliyekutumia salamu zake, na nguvu ulizobakiza ndizo utakazolishushia.

Mvua zilipoanza jicho la kulia nalo likafunga. Tulingoja mama ahuzunike, lakini alizoea kuta na njia ya kisimani upesi kuliko tulivyodhani. Mgeni akija akamwuliza habari za binti yake wa milimani, mama humweleza uso wake kana kwamba yuko mbele yake: mvi zilizoanza juu ya sikio, kovu dogo kwenye nyusi, pengo la jino la mhogo.

"Nimemwona juzi juzi," husema.